Vitabu vya ndege vimeandikwa upya, majina yetu yako wapi?

Mwaka 2024 lilitoka toleo la tatu la kitabu cha kutambulia ndege wa Mashariki ya Kati, kazi ambayo Richard Porter na wenzake waliianzisha mwaka 1996 na kuirudia mwaka 2010. Miaka minne kabla ya hapo, Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa toleo la pili la kitabu chao cha ndege wa Afrika Mashariki. Tangu kilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kitabu hicho kimekuwa mkononi mwa watembeza watalii kuanzia Mombasa hadi Kigali. Mwaka huo huo wa 2020 Saudi Arabia nayo ilipata kitabu kikubwa cha ndege wake, kilichoandikwa na Christopher Boland na Abdullah Alsuhaibany. Habari hizi hazikufika katika kurasa za mbele za magazeti, na wala hatukutarajia zifike. Hata hivyo tunaona kwamba zinawahusu wasomaji wetu, walioko nyumbani na walioko Riyadh na Jeddah, kuliko wengi wanavyodhani.

Huenda mpenzi msomaji akauliza: mtu aliyekwenda Saudia kuendesha gari, kulinda lango au kufanya kazi katika nyumba ya watu, ndege wanamhusu nini? Swali hilo ni la haki na tunalijibu moja kwa moja. Ndege anaowasikia huko wengi wao ni wale wale aliowaacha nyumbani, au wako njiani kwenda nyumbani. Njiwa mdogo anayelia juu ya nyaya za umeme mjini Riyadh, yule ambaye wengi wetu tunamwita tetere, ndiye anayelia Mombasa na Dar es Salaam. Ukienda kusini-magharibi mwa nchi hiyo, katika milima ya Asir na uwanda wa pwani wa Tihama, utamkuta hondohondo, utamkuta fundichuma, na utamsikia dudumizi, ambaye kwetu wazee husema akilia mvua i karibu. Bahari ya Shamu ni nyembamba mno kwa kiumbe mwenye mbawa.

Ndani ya Riyadh kwenyewe, mahali ambapo wapenzi wa ndege huenda ni Bonde la Hanifa. Bonde hilo kwa miaka mingi lilikuwa jalala la mji, likaja kusafishwa na kupandwa miti, na mradi wake ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2010. Kusini mwa mji, upande wa al-Ha'ir, maji yaliyosafishwa hutiririka kati ya matete marefu katikati ya jangwa. Humo wamo korongo, wamo mdiria, na kila msimu wa kuhama hupita ndege wadogo wa matete wenye rangi ya udongo, ambao hata mtaalamu akiwatazama kwa darubini ya bei kubwa hubaki akikuna kichwa. Wote ni wa kahawia juu na weupe uliofifia chini. Mmoja ana mdomo mrefu kidogo, mwingine ana mbawa fupi kidogo. Picha ya kitabuni, hata ikichorwa na fundi hodari namna gani, haimsaidii sana mtu aliyesimama nje ya matete na kuona unyoya mmoja tu ukitikisika. Sauti ndiyo inayowatenganisha. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kitabu kipya bila sauti zilizorekodiwa ni nusu ya kazi.

Kati ya ndege hao wa matete yumo mmoja ambaye huzaliana zaidi katika mabwawa ya kusini mwa Iraq, na kwa ajili hiyo hupewa jina la Basra. Mabwawa yale yalikaushwa miaka ya 1990 na sehemu yake ikarudishiwa maji baada ya mwaka 2003. Ndege huyo amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Wakati wa baridi haendi Basra wala Ulaya. Huvuka Bara Arabu na kuja kwetu, kwenye vichaka vya Tana na pwani, na kuendelea hadi Msumbiji. Anayetaka kujua kama ndege huyo bado yupo ni lazima awe na masikio katika nchi zote hizo. Iraq peke yake haitoshi.

Ama kuhusu kwa nini vitabu vya zamani havitoshi tena, mfano mzuri kuliko yote ni bundi. Bundi wadogo wa jamii inayoitwa kitaalamu Otus wanafanana mno: kijivu kama gome la mti, masikio mawili ya manyoya, macho ya njano. Kwa muda mrefu bundi mdogo wa milima ya kusini-magharibi mwa Saudi Arabia alihesabiwa kuwa ni yule yule wa Afrika, ambaye yuko pia Kenya na Tanzania. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha vipimo vya mwili, vinasaba na milio, wakaonyesha kwamba wa Bara Arabu ni spishi mbali na wa Afrika. Anayetembea leo na kitabu cha mwaka 1996 ana picha sahihi yenye jina lisilo sahihi. Kinasa sauti hakikuwa pambo katika kazi ile. Milio ilikuwa sehemu ya ushahidi.

Sisi wenyewe tunao bundi wa aina hiyo. Pemba ina bundi wake ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, una bundi mdogo kuliko kiganja cha mtu mzima aliyefunua vidole, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1966 tu, na baadaye akaonekana pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Watembeza watalii wa Arabuko-Sokoke humpata kwa kumsikiliza jioni. Wageni huvuka bahari na kulipa pesa nzuri kwa ajili ya kuonyeshwa mpira ule wa manyoya ukiwa umelala juu ya tawi. Lakini nje ya msitu, katika vijiji vyetu vingi, bundi akilia juu ya paa hurushiwa mawe kwa kuwa eti ameleta mkosi. Hatuwacheki wanaoamini hivyo. Imani hiyo ni ya kale na ipo pia kwa Waarabu. Tunachosema ni kwamba mtu hupunguza hofu ya sauti anapojua ni ya nani, na sauti hiyo sasa inaweza kuchezwa darasani kwa simu ya mwalimu.

Mwingine aliyepandishwa daraja ni kunguru mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu wa milima ya Asir. Zamani aliwekwa pamoja na jamaa zake wa Ulaya na Asia. Leo orodha kubwa za dunia zinamhesabu kuwa spishi yake, na ndiye ndege pekee ambaye ni wa Saudi Arabia tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba zimebaki jozi 135 zinazotaga, katika vipande vya misitu ya mireteni iliyo kileleni. Alipokuwa tawi la ukoo mkubwa hakuna aliyemlilia. Alipopata jina lake ndipo watu walipoanza kumhesabu. Mstari mmoja katika orodha ya majina unaweza kuleta bajeti au kuizuia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetufurahisha kuliko yote tuliyoyasoma katika mada hii. Yuko ndege mdogo wa matete anayezaliana Ulaya, ambaye husafiri kupitia Mashariki ya Kati na Bahari ya Shamu, akapita Ethiopia na Kenya, na kumalizia majira ya baridi kusini zaidi, kuanzia Zambia. Dume lake huimba kwa kuigiza ndege wengine. Mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi wake alioufanya nchini Ubelgiji. Aligundua kwamba kwa wastani ndege mmoja aliigiza spishi 76, na kwamba katika jumla ya spishi 212 alizozitambua, 113 zilikuwa za Afrika. Yaani asubuhi ya mwezi Mei, kwenye mfereji wa Ubelgiji, kiumbe mwenye uzito wa sarafu mbili tatu alikuwa akiimba milio ya ndege wa kwetu, aliyojifunza njiani. Mtu asiyezijua sauti za ndege wa Afrika asingetambua kwamba anasikiliza safari nzima. Angesema tu ni kelele nzuri.

Ndege huyo huyo ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wahamaji huvutwa na taa za hoteli iliyo juu ya kilima, wakanaswa kwa nyavu laini, wakavalishwa pete ndogo mguuni na kuachiwa. Wamevalishwa pete mamia ya maelfu, na baadhi ya pete hizo zimepatikana baadaye Bara Arabu. Mara nyingi pete hurudi kwa sababu ndege ameuawa.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika Rasi ya Bara Arabu, Iran na Iraq, ndege kati ya milioni 1.7 na milioni 4.6 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria kila mwaka, na kwamba ni wa spishi zisizopungua 413. Saudi Arabia ina kituo chake cha taifa cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 2019, na ina sheria za uwindaji. Lakini askari wa porini anayefungua gunia la ndege waliochinjwa anatakiwa aseme ni ndege gani, la sivyo hakuna kesi. Vivyo hivyo kwa askari wetu wa misitu anayekuta tundu limejaa ndege huko Tanga au Kilifi. Kitabu kilicho katika lugha asiyoisoma vizuri hakimfai kitu.

Tukirudi kwenye sauti, si jambo jipya kwetu. Mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilitoa santuri ya milio ya ndege wa Afrika, iliyorekodiwa na Myles North, aliyekuwa ofisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya. Alizunguka na mashine nzito wakati ambapo kurekodi dakika moja ilikuwa kazi ya siku nzima. Mwaka 2005 ulianzishwa mkusanyiko wa xeno-canto, ambao ulianza na ndege wa Amerika ya Kusini na sasa umeenea dunia nzima, na mtu yeyote anaweza kuuchangia bila ya kuwa profesa. Kisha ikaja programu ya Merlin ya Cornell, ambayo tangu mwaka 2021 inaweza kusikiliza kwa simu na kumtaja ndege anayelia.

Wengi wamedhani kwamba programu ya namna hiyo imemaliza kazi ya vitabu. Hatukubaliani nao. Mashine hiyo hujua kile ilichofunzwa tu, na hufunzwa kwa sauti ambazo watu wamezipeleka. Ndege wa bustani za London au New York amerekodiwa maelfu ya mara. Ndege wa korongo la Asir, au wa kichaka cha Mtwara, ana bahati akipata rekodi chache, tena mara nyingi zilizochukuliwa na mgeni aliyekuja kwa wiki mbili. Kwa hiyo simu itanyamaza pale ambapo tunaihitaji zaidi, au mbaya zaidi itataja jina la jirani yake kwa kujiamini. Anayeishi mahali, anayeamka alfajiri mwaka mzima, ndiye mwenye uwezo wa kuziba pengo hilo, na hahitaji viza wala ruzuku.

Hata hivyo lipo tatizo la majina. Tazama milima ile ya Saudi Arabia. Kwale mmoja wa huko ana jina la Philby, Mwingereza aliyeishi Jeddah na Riyadh na kuwa mshauri wa Mfalme Abdulaziz, aliyekuwa akipeleka ndege waliokaushwa kwenye makumbusho ya London. Kigogota wa huko amepewa kwa Kilatini jina la Dora, mke wa Philby. Hatuna ugomvi na Bwana Philby, ambaye kwa hakika alifanya kazi kubwa. Ila wachungaji waliomwonyesha ndege wale walikuwa na majina yao tangu zamani, na hayakuingia popote.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Kiswahili kina majina ya ndege ambayo ni hazina: kozi, kipungu, mwewe, mbayuwayu, kijumbamshale, keremkerem, shore, chiriku, pugi, ninga, sululu, buabua, membe. Mengine yanataja ndege mmoja Lamu na mwingine Unguja. Mengine yanajulikana na wavuvi tu. Mengi yako katika kamusi kwa maelezo ya maneno mawili, "aina ya ndege", maelezo ambayo kwa maoni yetu ni sawa na kutoeleza kitu. Mtoto wa shule anajifunza jina la Kiingereza la ndege anayeishi kwenye mwembe wa bibi yake, kwa kuwa hilo ndilo lililo chini ya picha. Bibi akiondoka, jina linaondoka naye.

Wapo watakaosema kwamba sayansi ina Kilatini na inatosha. Mbona Waarabu hawakutosheka? Mwaka 2006, Iraq ikiwa katika moto wa vita, Mudhafar Salim, Richard Porter na wenzao walitoa kitabu cha kutambulia ndege wa Iraq kwa Kiarabu. Kama nchi ile iliweza katika mwaka ule, tunashindwaje sisi tulio na BAKITA na BAKIZA, vyuo vikuu, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na jumuiya ya Nature Kenya yenye mizizi tangu mwaka 1909? Wanaojua ndege wapo, wanaojua lugha wapo, ila hawakutani. Tunapendekeza wakutane, na waanze na ndege wa pwani wasiozidi mia mbili, kila mmoja na picha, majina yake yote kwa mahali yanapotumika, na sauti yake. Kitabu cha spishi zaidi ya 1,300 kinaweza kusubiri.

Jeddah inaweza kutoa somo la faida ya jambo hili kwa mfano wa kunguru. Kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, yuko pale bandarini kama alivyo Mombasa na Dar es Salaam. Unguja aliletwa miaka ya 1890 ili ale taka, akala na mayai na makinda ya ndege wetu. Mwezi Juni mwaka 2024 Kenya ilitangaza azma ya kuwaondoa kunguru milioni moja, na Saudi Arabia imeendesha kampeni za kumpunguza huko Jazan na visiwa vya Farasan. Kampeni kama hizi hutumia sumu na mitego, na kila nchi ina kunguru wake wa asili ambaye hana kosa. Kijana aliyeajiriwa kwa siku kuweka chambo anapaswa kuwatofautisha kwa macho na kwa mlio. Nani amempa kitabu?

Kwenye ufuo huo huo wa Jeddah kuna shakwe wawili wa rangi ya moshi wanaochanganywa kila siku. Mmoja, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, makazi yake ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Mwingine, mwenye mdomo mnene wa njano wenye ncha nyekundu, hufika kwa wingi Lamu na Malindi. Pia yuko ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo kama patasi, mla kaa, ambaye hutaga ndani ya mashimo ya mchanga katika visiwa vya eneo hilo na la Ghuba, na kisha mamia yao huonekana Mida, karibu na Watamu. Mwenzetu wa Malindi anayefanya kazi Jeddah anaweza kuwatambua hawa kuliko mtalii, kwa kuwa amekua nao.

Ni vyema kuashiria pia kwamba sauti zilizorekodiwa zina ubaya wake. Huko Cyprus na Misri wategaji hucheza milio ya ndege usiku kwa vipaza sauti ili kuwavuta wahamaji kwenye nyavu. Na hata mpenzi wa ndege asiye na nia mbaya, akicheza wimbo wa dume mara kumi mbele ya kiota ili apate picha, anamfanya mwenye kiota aache kulisha na aanze kumtafuta adui asiyekuwepo. Sauti irekodiwe, isikilizwe nyumbani. Porini ichezwe kwa nadra au isichezwe kabisa.

Kwa ndugu zetu walioko Riyadh na Jeddah, tunajua muda ni mdogo na wengine hawana ruhusa ya kutoka wapendavyo. Mwenye Ijumaa yake anaweza kufika Bonde la Hanifa au ufukweni kabla jua halijapanda. Asikaribie kambi ya jeshi, uwanja wa ndege wala majengo ya serikali akiwa na darubini au kinasa sauti, kwani maelezo yake yatakuwa marefu. Simu ya kawaida inatosha: asimame, anyamaze, arekodi dakika moja, na mwishoni ataje kwa sauti yake tarehe, saa na mahali. Asipomjua ndege si kitu, kwani xeno-canto hupokea hata sauti ambazo mwenyewe hakuzitambua, na wengine humsaidia. Chini ya kila rekodi kuna nafasi ya maelezo. Hapo aandike jina alilolisikia kwao utotoni, na aseme ni la Siyu, la Mkokotoni, la Kilwa au la Ujiji.